Naomba ushauri: nimebakiza miezi 49 kufikia pensheni

Ndugu zangu, salaam kutoka Masasi. Nina miaka 54. Nimefanya kazi kwenye kiwanda cha kubangua korosho mpaka kilipofungwa, na NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) nina michango ya miezi 131. Pensheni ya kila mwezi inataka 180.

Stakabadhi za mishahara nimezitunza kwenye kopo la biskuti. Miezi kumi na minne makato yangu ya asilimia 10 yanaonekana, lakini kwenye taarifa ya michango hayamo. Yaani nimekatwa, na mwajiri hakupeleka. Hilo linaniuma kuliko yote, maana ile ni jasho langu. Je, miezi hiyo nikiidai nitahesabiwa, na kwa ushahidi gani?

La pili: niendelee kuchangia mwenyewe kwa hiari mpaka miezi 180 itimie, au nisubiri mkupuo, yaani nilipwe mafao yangu kwa mara moja, ninunue shamba la mikorosho? Mke anataka shamba. Mimi naogopa, korosho ina msimu wake na dawa ya salfa ya kupulizia haingoji, ila uzee unakula kila siku.

Mama yangu ana miaka 76, hajawahi kuajiriwa. Angekuwa Zanzibar angepokea pensheni jamii, ambayo tangu 2016 wenye miaka 70 na kuendelea wanapewa bila kuulizwa walichangia nini. Huku bara anatutegemea sisi watoto, na mimi ndiye huyu sina kazi.

Aliyewahi kuchangia kwa hiari baada ya kuachishwa kazi anieleze alivyofanya, tafadhali.