Wauza boriti kubwa, kama ni mbichi semeni ni mbichi! Nimechoka kuuziwa "kavu" inayotoa maji

Wakuu, leo nina hasira na sitazificha. Natafuta boriti moja tu, inchi 8 kwa 8, urefu futi 18, ya kubeba sakafu ya juu kwenye nyumba ya zamani. Iliyopo imeoza upande mmoja pale inapoingia ukutani, maji ya mvua yamepenya miaka na miaka bila mtu kujua, lakini kwingine kote ni nzima kabisa, ukiigonga na nyundo inalia. Nikadhani kupata mwenzake ni kazi ndogo tu, maana wauza mbao wamejaa. Kumbe mbao za 2 kwa 4 na 2 kwa 6 ndo zimejaa, ukitaja 8 kwa 8 watu wanakuangalia kama umeomba meli.

Kukosa ningevumilia. Kinachonichoma ni uongo. Kila anayesema anayo anasema "kavu hiyo boss, imekaa muda". Imekaa muda gani hasemi. Mti umekatwa lini, hajui. Ukiishika kwa mkono ubaridi unausikia, ukipiga msumari maji yanachuruzika pembeni ya msumari, na bado mtu mzima anakuangalia machoni anakwambia ni kavu!

Jamani mbao nene haikauki kwa miezi mitatu ya kuegeshwa ukutani. Makadirio ya mafundi wa siku zote ni kama mwaka mmoja wa hewani kwa kila inchi ya unene, na kuna miti migumu inayopitiliza hapo, sasa wewe una kitu cha inchi 8 halafu unaniambia kilipasuliwa msimu uliopita na kimeshakauka? Nje ndo kimekauka. Ndani bado ni mti.

Na kuna huyu mwingine alinichosha kuliko wote, akatoa mita ya unyevu, akaichomeka juujuu, ikasoma asilimia 15, akanionyesha kwa furaha kabisa. Ile mita ina visindano vifupi, inasoma ngozi ya mbao. Nikamwambia sawa, tukate kipande cha futi moja na nusu mwishoni, nitakilipia mimi, halafu tuchomeke katikati ya pale palipokatwa sasa hivi. Akakataa katakata eti naharibu mzigo. Kama ni kavu unaogopa nini?

Msinielewe vibaya, mbao mbichi kubwa kutumika kwenye ujenzi siyo dhambi, nyumba za mbao za zamani huko Ulaya zilijengwa na mwaloni mbichi na zipo mpaka leo zina karne kadhaa. Ila waliojenga walijua ni mbichi. Walijua itasinyaa, itapasuka nyufa, itajikunja kidogo, wakakata maungio yao kwa hesabu hiyo. Mimi nikiambiwa kavu naifunga chini ya sakafu kwa kipimo cha kavu, halafu ikianza kukauka yenyewe mle ndani inasinyaa upana na kimo (urefu haubadiliki sana), kwenye inchi 8 hiyo inaweza kuwa milimita 6 mpaka 10 hivi. Sakafu inashuka, plasta ya chini inapasuka, mlango wa juu unaanza kukwama, halafu fundi ndo anatukanwa. Isitoshe kuvu wa kuozesha anapenda mbao yenye unyevu zaidi ya asilimia 20, kwa hiyo nakuwa nimetoa boriti iliyooza nimeweka inayojiandaa kuoza, na kichwa chake nimekifukia kwenye ukuta uleule!

Tuje kwenye saizi. Unaagiza 8 kwa 8, inakuja 7 na nusu kwa 7 na nusu. Ukiuliza unaambiwa "msumeno umekula" au "ndivyo inavyoitwa sokoni". Sawa, najua mbao iliyopigwa randa inapungua na kuna nchi wameweka hilo kwenye viwango vyao kabisa, lakini hii haijapigwa randa, ina manyoya ya msumeno, hiyo nusu inchi imekwenda wapi? Na wanaongea kana kwamba nusu inchi si kitu. Nguvu ya boriti inafuata upana mara kimo mara kimo tena. Piga hesabu, 8 ikiwa 7.5 pande zote unapoteza karibu asilimia 18 ya nguvu, na ukakamavu wa kutonesa unapungua kama asilimia 23. Nalipia 8 halafu sakafu inanesa.

Kiini cha mti nacho ni balaa lao. Wanachukua gogo jembamba wanalibana msumeno pande nne mpaka itoke boriti moja tu, kiini kikiwa katikati kabisa. Boriti ya hivyo lazima ipasuke, maana mbao inasinyaa zaidi kuzunguka mti kuliko kuelekea kiini, karibu mara mbili, sasa itaachaje kufunguka? Ufa wa kukauka mara nyingi hauuwi boriti, hilo sawa, ila niambie mapema kuna kiini ndani, nichague. Na pembe nne zote zikiwa nyeupe, hiyo mbao ya nje ndo dumuzi wanaanzia, hata kama mti wenyewe ni wa kusifika kwa kudumu. Halafu wanaipaka oili chafu wanasema ina dawa! Oili imebaki juu, haijaingia hata robo inchi.

Ukikataa yote hayo unaletewa ushauri. "Chukua 8 kwa 4 mbili ulaze moja juu ya nyingine upige misumari." Hapana! Ukizilaza hivyo bila gundi ya maana kila moja inapinda kivyake, ukakamavu unabaki robo ya boriti nzima na nguvu nusu. Ukizisimamisha ubavu kwa ubavu ukazifunga bolti vizuri hapo tunaweza kuongea, na hata hilo nimelijua kwa kumuuliza mhandisi, si kwa muuzaji. Muuzaji anataka stoo yake ipungue basi.

Na mbao za majengo yaliyobomolewa, ambazo ndo kavu za kweli? Nimezitafuta hizo kwa bidii kweli. Zinakatwakatwa! Boriti ya futi 20 iliyokauka ikatulia inakatwa vipande vya kutengenezea meza na rafu za mapambo, kwa sababu vipande vinalipa zaidi. Iliniuma kuona mwenyewe, vipande vimepangwa vizuri vina mashimo ya maungio ya zamani, ukiviunganisha kwa macho unaona ilikuwa ni boriti nzima ya kufaa nyumba yangu.

Sasa hivi kuna mmoja ameshika advansi yangu, ameleta mzigo mbichi, una kifundo kikubwa upande wa chini katikati kabisa, pale ambapo boriti ikibeba inavutika zaidi, na nyuzi zimekwenda mshazari. Ananiambia niigeuze tu kifundo kikae juu. Sijapokea na sipokei, nataka hela yangu. Kwa sasa sakafu nimeishikilia na jeki na nguzo za muda.

Kama kuna anayejua mpasuaji anayekubali kukata kipande na kupima unyevu wa katikati mbele ya mteja, aweke hapa chini. Hata kama ni mbichi nitanunua, ili mradi aseme ni mbichi na aniandikie hivyo kwenye risiti. Na wewe muuzaji unayesoma hapa, usinijie PM na "kavu boss" bila kuniambia gogo lilipasuliwa mwezi gani.