Naomba ushauri: chotara wa Jersey kazeeka, nimnenepeshe au nimuuze hivi hivi?

Assalaam alaykum wafugaji wenzangu. Niko Konde, Pemba. Nina ng'ombe wawili majike, hawashiki mimba tena: mmoja wa kienyeji, mwengine chotara wa Jersey, mbegu ya maziwa ya kizungu. Wa kienyeji kapata mteja siku ile ile. Huyu chotara, mwenye bucha kampapasa kiunoni akaguna: "Mifupa mitupu, nyama ngumu, na mafuta yake manjano, watu hawanunui."

Manjano ile najua ni majani na damu ya Jersey, si maradhi. Ugumu wa nyama ni umri, hapo sibishi.

Je, nikimpa pumba na machicha ya nazi miezi mitatu atajaza mapaja, au nitakula hasara? Na mtamba wake (jike lake changa, hajazaa bado) nimpandishe dume la Boran, mbegu ya nyama, ndama wapate mwili, au maziwa ndiyo basi tena?