Naomba ushauri: vizimba vya sato na njia za wavuvi, Ziwa Victoria

Wakuu, heshima kwenu. Kikundi chetu cha Mwanza kinapanga kizimba (wavu wa kufugia samaki ziwani) cha mita 5 kwa 5, kina mita 4, vifaranga 5,000. Wakifa asilimia 20 wanabaki sato 4,000. Kwa gramu 400 kila mmoja ni kilo 1,600. Chakula, kilo 1.6 kwa kila kilo ya samaki, ni takribani kilo 2,560, na humo ndimo pesa nyingi inakoishia.

Kinachonisumbua zaidi ni wavuvi. Penye kina na mkondo mzuri ndipo wanapotega nyavu. Tukijificha ghubani maji yanatuama, oksijeni inashuka alfajiri, samaki wanakufa.

Makubaliano na BMU (kikundi cha usimamizi wa uvuvi ufukweni) yaandikweje: njia ya mitumbwi, ulinzi wa usiku, fidia ya nyavu? Na tukikopa kwa mradi huu, tuombe marejesho ya mkopo yaanze baada ya mavuno?