Naomba ushauri: slaidi za kuwaonyesha wafanyabiashara wanaoijua teknolojia

Habari zenu wakuu. Nimepewa kazi ya kuwasilisha mfumo wetu mpya wa malipo mbele ya wakurugenzi na wahandisi wa kampuni zinazotaka kuununua. Hawa wanashinda kwenye kompyuta kutwa nzima. Ukiwaletea picha za kuokoteza mtandaoni na maandishi yanayorukaruka, wanakushusha thamani kabla hujafungua mdomo.

Kanuni ya Guy Kawasaki, yule mwekezaji na mwandishi wa Marekani, naijua: slaidi 10, dakika 20, herufi zisizopungua pointi 30. Naipenda, hasa hiyo ya herufi, maana inakulazimisha kukata maneno.

Kinachonisumbua ni mchoro wa jinsi muamala unavyosafiri kutoka simu ya mteja hadi seva ya benki. Una visanduku 14 na mishale kila upande. Nikiubana kwenye slaidi moja, waliokaa nyuma hawasomi kitu. Nikiukata vipande, wahandisi watauliza picha nzima iko wapi. Nimefikiria kuuonyesha wote kwa kijivu, kisha kila slaidi inayofuata iwashe kipande kimoja tu kwa rangi ya chungwa. Inatosha, au ni bora kuwagawia pia kwenye karatasi?

Halafu rangi ya nyuma. Nyeusi inapendeza kwenye kompyuta, ila kwa projekta ndani ya ukumbi wenye mwanga mwingi inafifia. Mimi naegemea nyeupe, bosi anataka nyeusi.

Mliowahi kusimama mbele ya watu wa aina hii, mlifanyaje? Mwenye mfano wa mchoro kama huo naomba aniwekee hapa.