Naomba ushauri: vipimo vya ngazi ya kugeuka, nyumba ya ghorofa moja, Mbeya

Mjenzi wa Isyesye
Wakubwa shikamooni, na wengine habari za kazi. Ninajenga hapa Isyesye, slabu imeshakomaa, na wiki ijayo fundi anataka kuanza kusuka nondo za ngazi. Uwazi niliouacha una sentimita 210 kwa 300. Ngazi itapanda, itageuka nusu mzunguko, kisha itarudi ikipanda hadi juu. Fundi anapendekeza vidato 16, sita kati ya hivyo vikiwa vya pembetatu kwenye kona, kwa maelezo kwamba landingi, yaani sehemu bapa ya kugeukia katikati ya ngazi, inakula nafasi. Mama yangu mzazi, ambaye magoti humsumbua sana baridi ya Juni na Julai, atakuwa akipanda kila siku kwa wajukuu wake. Je, nimkubalie fundi?

Fundi wa Kihesa, Iringa
Ndugu, kabla ya yote tuambie kimo kutoka sakafu ya chini hadi ya juu, ukihesabu plasta ya sakafu na vigae pande zote mbili. Nimeona ngazi nyingi ambazo kidato cha kwanza au cha mwisho kimetofautiana na vingine kwa sentimita nne au tano, kwa sababu tu fundi alipima kutoka jamvi tupu, yaani zege la sakafu kabla ya plasta na vigae. Mguu huzoea kimo kimoja, na hapo penye tofauti ndipo mtu anapojikwaa.

Mjenzi wa Isyesye
Nimepima upya kwa futi na pima maji. Vigae vikiwamo, ni sentimita 306.

Fundi wa Kihesa, Iringa
Basi gawanya. Kwa vidato 16 kila kimoja kitakuwa na zaidi ya sentimita 19, na huo ni mlima kwa mama mwenye magoti mabovu. Kwa 18 utapata 17 kamili. Mfaransa François Blondel, katika karne ya 17, alifundisha kujumlisha vimo viwili vya kidato na upana wa pa kukanyagia, na leo jumla hiyo huwekwa kati ya sentimita 60 na 65. Ukikanyagia 28, unapata 34 na 28, yaani 62, hatua ya mtu mzima asiye na haraka.

Ugumu uko kwenye urefu. Ukigawa tisa kwa tisa, kila mkono, yaani kipande cha ngazi kabla au baada ya landingi, una nafasi nane za kukanyagia, kwa kuwa kidato cha tisa kinakufikisha kwenye landingi au sakafu ya juu; hizo ni sentimita 224, na ukiongeza landingi ya 100 unafika 324, wakati wewe una 300. Usigawe sawa. Mkono wa chini upe vidato kumi, wa juu nane. Wa juu utakuwa na nafasi saba, sentimita 196, na pamoja na landingi ni 296, hivyo unaingia ndani ya uwazi wako bila kukata slabu. Wa chini utatokeza sebuleni kwa kiasi cha sentimita 52, na hapo ni vidato vya mwanzo tu, hivyo kichwa hakitagusa slabu. Kumbuka pia kwamba plasta itakula sentimita mbili kila ukuta, kwa hiyo upana wa 210 utabaki 206: mikono miwili ya 98 na mwanya wa 10 katikati.

Mama wa Makambako
Mwanangu, mimi nimeishi na vidato vya pembetatu kwa miaka sita. Kwenye upana wa mita moja, ukigawa kona mara tatu, katikati unakanyagia kama sentimita 26, lakini ukisogea hadi sentimita 15 kutoka ncha ya ndani zinabaki nane tu, ambazo hazitoshi hata nusu ya kandambili. Kushuka umebeba ndoo, huoni unapokanyaga. Siku niliyoteleza nilishika ukuta, kwa kuwa reli tulikuwa hatujaweka. Kwa heshima ya mama yako, weka landingi, na reli ya kushikia iwekwe kabla hamjahamia.

Mjenzi wa Isyesye
Asanteni sana. Jana jioni tulichora mkono wa chini kwa chokaa kwenye jamvi, kisha tukapanga tofali mpaka kidato cha tatu kwa kimo cha 17. Mama alipanda akashuka mara mbili bila kushika bega langu, halafu akauliza landingi itafika wapi. Fundi amekubali 18, naye amekwenda Mafinga kufuata mbao za fomu.