Abakosti imekataa kuchakaa: filamu ya 1974, nisaidieni

Kadogo_Katuba

Bandugu, jambo yenu. Niko nashugulika na nguo za filamu fupi moja hapa Lubumbashi, story ya 1974, karani wa duka ambaye ana abakosti moja tu (ile vazi ya wakati wa Mobutu, koti na patalo bila kravati), anaivaa kila siku, usiku anaitundika ku musumari, asubui anaivaa tena. Sasa fundi alishona vizuri, yani vizuri kupita kiasi. Siku ya posho (Jumamosi) tulipima mbele ya kamera, akteri wangu akatokea kama bwana harusi anangojea bibi ku mulango ya kanisa. Realizatere, mwenye kuongoza filamu, akacheka, mi sikucheka.

Nikasema ntaichakaza mi mwenyewe. Kulikuwa na simisi nyeupe ya mwanafunzi, kamera ilikuwa inaichoma, nyeupe yote inawaka na uso wa mutoto unabaki giza, nikailoweka mu chai nzito ya majani, ikatoka na rangi ya maziwa, muzuri kabisa. Basi nikachukua abakosti, iko kaki ya kupauka, nikaitupa mu beseni na chai usiku muzima. Asubui naitoa, naikamua, naanika: vile vile! Maji njo ilikuwa kahawia, nguo hapana.

Nifanye nini? Nimebakia na siku 6 na dola 40. Na tena realizatere anataka patron wa duka avae kravati, mi naona haiendi lakini sina maneno ya kumubishia.

MamaSindano

Mwanangu, kwanza chomoa uzi kidogo mu pindo ya ndani, uwashe na kiberiti. Ukinukia karatasi ya kuungua na kuacha majivu laini, ile ni koto. Ukiyeyuka na kujikunja, ukabakia kama kashanga keusi kagumu, ile ni poliesta, na poliesta hainywi chai, hata uiloweke paka Noeli. Simisi ya mutoto ilikuwa koto, njo maana ilikubali. Usirudilie beseni, unapoteza majani bure.

Sasa acha rangi, tafuta mwili. Nguo haichakae pote sawa, inachakaa pale mutu anaigusa. Uliza akteri wako: karani anaandika na mukono gani? Kama ni kuume, kiwiko ya kuume njo inakufa mbele, na upindo wa mukono ule, juu unasugulika ku meza. Funguo anaweka mufuko gani? Anakaa ku kiti ya mbao saa nane kwa siku, basi patalo nyuma inangara. Na ile kungara ya karani unaipata na pasi: pasi ya moto, si moto ya kuyeyusha, unaigandamiza moja kwa moja juu ya nguo bila kitambaa katikati. Kile kitu siku zote tunakataza bawanafunzi wa kushona, leo ukifanye makusudi. Pima kwanza ku kipande fundi alibakisha, usiniletee kilio.

Upindo wa mikono na midomo ya mifuko sugua na ile papie ya baseremala, ya laini, pole pole, unasimama mbali unaangalia, unarudia. Kisha lowesha nguo, weka mawe mu mifuko, itundike ikauke nayo siku mbili. Mifuko itavutika chini kama ya mutu ambaye amebeba funguo na mikate miaka. Kifungo kimoja toa, shona kingine cha kufanana lakini si ndugu yake, na uzi wa rangi ingine kidogo, maana yule karani hana bibi wa kumushonea ama anaye na bamegombana, sijue story yako.

Udongo mwekundu wa hapa kwetu weka ku pindo ya patalo tu. Naona bajeune banapakaa udongo nguo nzima, mutu anatokea kama aliviringishwa mu kishimo.

Rideau_Mwekundu

Mama amemaliza, mi naongeza kitu kimoja: USIACHE AKTERI ARUDI NYUMBANI NA NGUO. Sisi tulikuwa na piesi ya teatre, muzee mulevi, nilifanya koti yake wiki mbili, papie, pasi, rangi nyeusi ku kola, mafuta ya mashini ku mukono, ilikuwa inanuka hata umaskini. Kijana akaenda nayo kwao juu ya kurepeta (kufanya mazoezi). Mama yake akaiona. Siku ya piesi anakuja nayo imefulwa, imepigwa amido, mistari ya pasi inakata kama kisu, na ile kifungo nilikuwa nimekata, mama amerudisha mupya. Anasema "mama alisikia haya, mwanaye atatokea mbele ya bantu hivi?" Ungemujibu nini?

Na kwa filamu ni mbaya zaidi, sababu munapiga kipande ya mwisho siku ya kwanza. Piga foto ya nguo kila siku, mbele, nyuma, kifungo gani kimefunguka, mukono umekunjwa mara ngapi, la sivyo karani anaingia mu mulango na mikono mirefu anatokea upande ingine na mifupi. Kama kuko mvua ao kuanguka mu story, unahitaji abakosti mbili, na ya pili uichakaze sawa na ya kwanza, pole sana.

Ku teatre wala hatuhangaike na papie ile laini, mutu wa kiti ya kumi haione kitu, sisi tunapakaa rangi kabisa. Wewe na kamera ya karibu usifanye hivyo, itaonekana ni rangi.

Muzee_Kamalondo

Kijana, kwa kravati una haki. Jina Zaïre la inchi yetu lilianza Oktoba 1971, na Authenticité, ile siasa ya Mobutu ya kurudilia asili, ikaja na mambo yake: majina ya Kikristo yakatupwa, bwana akawa "citoyen", na kostime na kravati zikakatazwa. Jina lenyewe abakosti ni "à bas le costume", yani "kostime chini". Kravati ilirudi 1990, Mobutu aliporuhusu mu hotuba ya tarehe 24 mwezi wa ine. Mwambie realizatere patron avae abakosti nzuri kuliko ya karani, na fulari mu shingo, hapo ukubwa utaonekana bila kravati. Ku kifua muwekee ile beji ndogo ya sura ya Mobutu.

Na msione haya ya poliesta. Tulivaa tergali, poliesta ya wakati ule, sana siku zile, ilikuwa nguo ya mtu wa biro, haikunji, inakauka mbio. Poliesta ya kungara ku viwiko, hiyo ndiyo 1974 yenyewe, ninaikumbuka ya baba yangu. Mungevaa koto ya kupauka ningesema huyo ni mkulima.

Ila nimeona foto yenu moja ya bamama mu soko: yule wa kushoto ana perike (nywele za bandia) na patalo. Toa. Wakati ule angepata shida njiani. Kikwembe, libaya, na nywele zisukwe na uzi.

Kadogo_Katuba

Aksanti bazazi. Nimechoma uzi: kashanga keusi, kagumu kama mbegu. Chai iliyobakia nitakunywa.

Akteri anaandika na kushoto, sikujuaka! Nilikuwa tayari nimeshika papie ku kiwiko ya kuume. Mawe iko mu mifuko tangu asubui, nguo imetundikwa ku dirisha, na jirani amepita mara mbili ameuliza kama kuna mutu amekufa.

Yaya Rideau, sanduku ya nguo nimetia kufuli.