Mrejesho: yale madaftari ya Ramadhani ya wanangu

Assalam alaykum. Kabla ya mwezi kuandama niliuliza nifanyeje wanangu, wa miaka 7 na 10, waandike daftari la Ramadhani lisigeuke kazi ya shule. Narudi na majibu kutoka hapa Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika.

Wiki ya kwanza niliharibu mwenyewe. Mdogo aliandika "leo nimefuga", nikashika kalamu nyekundu. Akalificha daftari chini ya godoro siku tatu. Dada mmoja wa humu alinionya nilipouliza, nikawa mbishi. Dada, nisamehe.

Kilichosaidia ni kuchora mwezi kila usiku baada ya tarawehe, na mstari mmoja tu chini yake. Usiku wa 14 mkubwa akaandika: "Mwezi mkubwa, ziwani hakuna taa." Kweli kabisa! Dagaa wanavuliwa kwa taa gizani. Mbalamwezi ikiwaka hawavutiwi, wavuvi wanapumzika. Mimi mzaliwa wa hapa, sijawahi kuviunganisha hivyo viwili.

Siku nyingine akauliza kwa nini redio inaadhini magharibi ya Dar wakati sisi bado tunautazama uji. Tukatoa mpira na tochi, nikamwonyesha jua linavyochelewa kutuaga huku magharibi mwa nchi, kama dakika 40.

Mdogo yeye kajaza futari tu: mihogo, magimbi, samaki migebuka wenye macho kushinda kichwa. Ukurasa mmoja una doa la mawese, sijaugusa.

Shawwal imeingia, bado wanagombania penseli ya njano.